Gololi Zisizopungua Uzito

Mtu aliyenifundisha kufungua mnyororo wa baiskeli bila kuchafua nguo ndiye niliyemwacha abebe kosa langu mbele ya watu wenye vyeo. Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kuifuta, maana nina tabia mbaya ya kulizunguka jambo kabla ya kulisema. Safari hii naiacha.

Alikuwa mdogo wa baba yangu, nasi watoto wote tulimwita tonton. Ukoo wetu ni wa Waislamu waliokaa Kisangani tangu enzi za misafara, na kwetu mwanamume asiye na kazi ya mikono huonekana kama mgeni aliyesahau kuondoka. Baba alikuwa seremala. Tonton alikuwa fundi wa baiskeli, na banda lake lilikuwa Makiso, nyuma ya maghala ya bandarini, mahali ambapo zamani toleka, zile baiskeli za kubebea abiria, zilipanga foleni tangu asubuhi zikisubiri mkono wake. Halafu pikipiki zikaujaza mji. Wenye toleka wengi wakaziuza au wakaziegemeza ukutani, na tonton akabaki na banda. Kila siku alifagia, akapanga spana zake juu ya gunia kwa ukubwa, akakaa kungoja. Nilipomshauri ajifunze pikipiki alinitazama kama nimemwambia abadili dini.

"Moto iko na makelele mingi, mama," akasema, kwa maana ya pikipiki. Mama ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita watoto wa kike wa ndugu zao. "Haikuachie usikie ugonjwa yake."

Alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake wote waliijua. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, aliziba pancha, kisha akafungua na ekseli, akazikagua gololi zilizomo, na zile zilizolika akazitoa na kutia nyingine bila kukwambia neno. Aliona kumwambia mtu kwamba amebadilishiwa gololi ni kumwomba asante, na asante ya kuomba aliichukia. Ulifika nyumbani ukishangaa baiskeli imekuwa nyepesi. Nilikulia juu ya baiskeli za namna hiyo, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Mimi nilisoma kuliko wenzangu wa nyumbani, nikaishia kuwa asistenti wa kemia chuoni. Asistenti wa miaka mingi, wa aina ile ambayo wanafunzi wake wa zamani wanarudi na suti wanamkuta bado anaosha mirija ya vioo. Sheria ya chuo haikubali asistenti akae milele bila udaktari, na muda wangu ulikuwa unayoyoma. Profesa aliyenisimamia alikuwa mtoto wa wavuvi wa Yanonge, mzee mpole mwenye ndoto moja tu iliyomkaa kichwani kama homa. Alikuwa na kopo la unga mweupe aliloletewa na rafiki yake kutoka ng'ambo, na unga ule ndio ukawa tasnifu yangu.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Kuna fuwele ambazo ukizibana au kuzigonga zinatoa umeme kidogo. Kiberiti cha gesi cha kubonyeza kinafanya kazi hivyo: unabonyeza, kinasema *ta*, cheche inaruka. Unga wetu ulikuwa fuwele za namna hiyo, ndogo sana. Ukiutia ndani ya maji na kuutikisa na kuugonga, kila chembe inapata umeme wake mdogo, na umeme huo unayapasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni inawaka, haina moshi, na ikiungua inarudi kuwa maji. Unga wenyewe haupungui. Ndiyo maana unaitwa kichocheo: unafanya kazi ifanyike, lakini wenyewe hauliwi.

"Fleuve inapita hapa na nguvu yake yote," Profesa alizoea kuniambia, akionyesha upande wa mto na maporomoko yake, "na siye tuko tunapika na makala. Si ni haya, hiyo?"

Alikuwa akiona magurudumu ndani ya maporomoko, yakizungusha mapipa ya unga, na mabomba madogo yakipeleka gesi jikoni kwa wanawake. Mimi nilikuwa naona mama yangu, ambaye alikufa akikohoa, na mikono yake iliyonuka makala, yaani makaa, hata siku ya Idi. Nakiri kwamba nililipenda wazo lile kupita kiasi. Mtu anayependa kitu namna ile hapaswi kupewa kazi ya kukipima.

Mashine ya kutikisia ya maabara ilihitaji umeme, na umeme wa mji wetu una mambo yake. Baada ya wiki kadhaa za kuanza na kukatizwa, nikaenda kwa tonton. Nilimweleza yote, naye akasikiliza huku akizungusha gurudumu lisilo na tairi.

"Hii unga yako, inataka igongwe ao isuguliwe?"

"Yote mbili, tonton."

"Bon. Nimeelewa."

Alichukua baiskeli kuukuu, akaisimamisha juu ya miti miwili, akaliondoa gurudumu la nyuma. Mahali pake akatia kipande kinene cha bomba la plastiki alichokiziba pande zote mbili, na upande mmoja akapachika vali ya mpira wa baiskeli ili gesi itokee hapo. Tukakiita tambuu, kama ngoma kwa Kifaransa. Ndani tulitia maji, unga, na gololi za kugongagonga. Vitabu vilisema gololi ziwe za kauri. Kauri hatukuwa nayo. Tonton alikuwa na gololi za chuma, bille kama alivyoziita, kopo zima, na Profesa akasema tutumie tulicho nacho. Watu wa toleka waliokosa abiria walikaa juu ya tandiko, wakakanyaga pedali kwa zamu huku wakipiga soga, na tambuu likazunguka mchana kutwa likiunguruma kama tumbo la mwenye njaa.

Siku ya tatu nilifungua vali chini ya chupa iliyojaa maji, na mapovu yakapanda. Gesi haikujaza hata kikombe cha chai. Nikapeleka kiberiti, ikalia *pu*, na mwali ukashuka taratibu ndani ya chupa. Tonton alivua kofia yake.

"Hii yote ilikuwa ndani ya maji?" akauliza.

"Ndani ya maji, tonton."

Alikaa chini. Kisha akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, cha mtu aliyeletewa habari za mwanawe aliyepotea. Jioni ile aliwasimulia watu msikitini. Baada ya wiki, mtaani wakaanza kumwita papa wa gaz, baba wa gesi, na watu waliompita zamani bila salamu wakawa wanasimama bandani kutazama tambuu. Alinyoosha mgongo. Alianza kuvaa shati safi kazini.

Sasa nifike kwenye makosa yangu, maana yalikuwa matatu na yote niliyaona.

La kwanza ni ule mwali. Maji yakipasuka kweli, haidrojeni na oksijeni zinatoka pamoja, na mchanganyiko wa hizo mbili hauwaki kwa upole. Unapasuka kama fataki. Mwali wetu ulishuka kistaarabu, kama mwali wa haidrojeni isiyo na mwenzake. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angeuliza oksijeni iko wapi. Mimi nilijiambia imeyeyuka majini. La pili ni unga: uliingia mweupe ukatoka wa kijivu, nami nikasema ni grisi. La tatu lilikuwa gololi.

Kila Jumamosi tonton aliufungua mtambo, akaosha kila kitu, akaniletea gololi kwenye kitambaa. Ziling'aa. Nilizipima kwenye mizani ya maabara, na uzito haukupungua hata kidogo, wiki baada ya wiki. Hilo ndilo lililokuwa ushahidi wangu mkubwa. Chuma kikiliwa na maji kinaweza kutoa haidrojeni, kila mkemia anajua. Lakini gololi zangu hazikuliwa, kwa hiyo gesi ilitoka kwa unga. Nilijaribu pia bila unga, na gesi ikawa ya kubahatisha tu. Niliandika kwenye tasnifu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba gololi hazipungui uzito. Sikujiuliza chuma gani hiki kinachogongana siku sita bila kupungua.

Msimu wa mvua ulipoanza, tonton aliugua malaria akalala nyumbani. Kwa mara ya kwanza nililifungua tambuu mwenyewe. Maji yalitoka meusi kama masizi ya sufuria. Gololi zilikuwa zimefifia, zina vishimo, na nilipozikusanya mkononi zilikwaruza. Nilizipima nikiwa nimesimama. Nikapima tena nikiwa nimekaa.

Nilimkuta tonton amejifunika blanketi, amekonda, lakini alifurahi kuniona.

"Tonton, zile bille za tambour, uko unazifanya nini?"

"Niko nazisafisha."

"Kusafisha tu?"

"Zenye zimekuliwa niko nazibadilisha." Aliniangalia kama mtu anayeshangazwa na swali. "Siwezi kukupatia kazi yenye iko na bille mbaya, mama. We ni mutu ya masomo. Watu watakucheka."

"Toka siku gani?"

"Toka mwanzo."

Za zamani alikuwa amezitia kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, maana fundi hatupi chuma. Niliomba kopo. Nilitembea nalo mpaka maabara likinilemea mkono, nikakaa nalo siku mbili na kalamu. Chuma kilichopotea kilitosha kueleza gesi yote niliyowahi kuichoma. Maji yalipasuka, ndiyo, lakini chuma ndicho kilichoyapasua: kilichukua oksijeni kikageuka tope jeusi, kikaiachia haidrojeni. Unga ulifanya kazi ya msasa tu, ukikwangua gololi ili maji yapate chuma kipya cha kula. Ndiyo sababu bila unga gesi ilikuwa haba. Hatukuwa na kichocheo. Tulikuwa tunachakaza gololi za baiskeli kwa njia ngumu kuliko zote.

Nilipaswa kumwambia, nikamwambia, alipopata nafuu na kurudi bandani. Nilieleza polepole. Aliacha spana.

"Donc ni miye nilikuharibia."

"Hapana, tonton."

"Kama ningeziacha zile za zamani, ungeona."

Hapo ndipo mahali pa kusema habari za mwali. Ilikuwa sentensi mbili tu. Ningesema, tonton, siku ya kwanza kabisa nilijua kuna kitu hakiko sawa, nikafumba macho. Badala yake nilimwangalia usoni, mzee mwenye shati safi, nikasema:

"Ningeona."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mtu mmoja alikuwa juu ya tandiko akikanyaga pedali, hajui lolote. Tonton alimwashiria ashuke.

Profesa nilimweleza habari za gololi peke yake. Alisema tuiondoe tasnifu na tuieleze kamati ya fakalti kwa nini, na kwamba kamati hiyohiyo itaamua kama nibaki chuoni au niende. Mwali sikumtajia. Uliandikwa kwenye daftari langu la kwanza, kwa mkono wangu: mwali mtulivu, kuchunguza. Lile daftari nilikuwa nimeliweka nyumbani.

Siku ya kamati mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walikaa watano nyuma ya meza ndefu, Profesa akiwa mwisho wa meza. Nilikuwa bado nasoma maelezo yangu mlinzi alipofungua mlango, akasema kuna papa mmoja nje anakataa kuondoka. Tonton aliingia na kanzu nyeupe iliyolowa chini, amebeba kopo la maziwa. Sikujua kwamba angekuja. Alikuwa amepitia maabara kulichukua lile kopo. Aliwasalimu wote kwa kuinama kidogo, akabaki amesimama ingawa walimwonyesha kiti.

"Watu wakubwa, muniwie razi," alisema. "Miye sikusoma. Bille ni miye nilikuwa nabadilisha, kila Samedi, bila kumwambia. Nilizani niko nasaidia. Mutoto hakujua kitu. Kama kuna mutu ya kufukuza, munifukuze miye."

Mutoto mwenyewe alikuwa amepita miaka arobaini na mvi zinamwanza. Aliweka kopo mezani, akalifungua, akawaonyesha zile gololi zilizotoboka, moja moja, kama anayeonyesha alichoiba. Mkuu wa kamati alisafisha koo. Mwingine akasema kwa upole, "Merci, papa, tumesikia."

Kisha mkuu akaniuliza kama nina la kuongeza. Kwa vipimo vyote vya kemia, aliyepaswa kufungua lile tambuu kila Jumamosi ni mimi. Aliyepaswa kuosha, kupima, kuuliza, ni mimi. Nilimwachia mzee kazi yangu kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na matokeo yake yalinipendeza. Tonton alinigeukia akinipa moyo kwa macho, kama siku za zamani alipoliachia tandiko la baiskeli na mimi sijajua kuendesha. Profesa alinitazama pia. Nadhani alikuwa ananingoja niseme hivyo.

"Sina la kuongeza," nikasema.

Ripoti iliandika kwamba kosa lilitokana na fundi wa nje aliyebadilisha vifaa bila idhini, na kwamba asistenti alionyesha uaminifu kwa kulifichua. Neno lile, uaminifu, niliweka sahihi chini yake. Nikaongezewa miaka miwili. Nje, tonton alinishika mkono kwa furaha, akauliza kama wamekubali. Nikamwambia wamekubali. Profesa alipita kando yetu na mwavuli wake, akamwamkia tonton kwa heshima zote, na mimi akaniambia neno moja tu.

"Ulimeza maneno, madame."

Alistaafu mwaka uliofuata. Kopo la unga aliniachia bila barua.

Bado nafanya kazi ile. Nilipata gololi za kioo, na umeme ukiwapo natumia mashine ya maabara. Gesi inayotoka ni kidogo mno, mapovu machache yanayong'ang'ania ukuta wa chupa, na mara nyingi siwezi kuapa kwamba si hewa. Najua kwamba kwingine duniani, kwenye mashine zenye nguvu, unga wa namna hii unatoa gesi ya kweli. Siyo uongo. Kwetu tu haujatoa. Jikoni kwangu bado kuna makala, na maporomoko bado yanasukuma maji kwa nguvu zote, bila faida kwa sufuria ya mtu.

Mtaani ile habari ilienea kama zinavyoenea habari zote, kwa sura mbaya zaidi. Wakasema papa wa gaz alikuwa anatia vitu ndani ya mtambo ili uonekane unafanya kazi. Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kusimama. Alinisimulia mwenyewe, bila uchungu, akasema watu wako na haki, si kweli alikuwa anatia vitu ndani? Nilitaka kuwatukana watu hao mmoja mmoja. Lakini ningeanza na nani, wakati mtu wa kwanza anaishi ndani ya nguo zangu.

Alidhoofika kifua. Alilifunga banda, akalala nyumbani, na shangazi, mkewe, akawa ananipigia simu kila asubuhi. Siku moja aliniambia tonton anawaita watu. Kwetu mtu akihisi safari imekaribia huwaita aliokaa nao, mmoja mmoja, aombe radhi, ili asiondoke akiacha kinyongo moyoni mwa mtu. Nilifika kabla ya adhuhuri. Aliingia jirani, akatoka. Aliingia mtu wa toleka, akatoka anafuta macho. Kisha nikaitwa mimi, na shangazi akatoka kutuachia nafasi.

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, ukurasa umekunjwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamshika mkono, mkono wa fundi, na grisi ya miaka bado imo kwenye mistari ya kiganja. Alianza yeye, maana ndiye mwenye kuomba.

"Mama, ile mambo ya bille," akasema, akivuta pumzi katikati. "Nilikupotezea miaka yako. Sipendi niende na ile neno kwa roho yako. Unisamehe."

Nilifungua mdomo. Macho yake yalikuwa yananingoja, yamechoka, na nikaona kwamba nikisema ukweli nitakuwa nimemwambia kwamba aliaibika mbele ya watu, akasemwa mtaani kwa minong'ono, akafunga banda lake, kwa ajili ya mtu aliyekuwa anajua. Ama huo ndio udhuru niliojipa. Sijui hata leo kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

"Nimekusamehe, tonton," nikasema.

Alilia kwa shukrani, mzee wa watu, akanibusu mkono.